Mashine pepe: kupunguza ucheleweshaji wa mtandao bila kupoteza upitishaji

Msomaji anayesimamia seva za taasisi ya mikopo jijini Arusha ameuliza hivi: “Tulihamisha programu yetu ya mikopo na hifadhidata yake kutoka seva za kawaida kwenda mashine pepe zinazoendeshwa na KVM chini ya Proxmox. Seva mpya ni mbili, kila moja ina soketi mbili za prosesa na kadi ya mtandao ya gigabiti 10. Tangu tuhame, programu inajibu kwa kusuasua, ilhali prosesa hazijaelemewa na iperf3 inaonyesha karibu gigabiti zote 10. Fundi mmoja alitushauri tuzime kabisa ulimbikizaji wa ishara kwenye kadi, pamoja na TSO na GRO. Ucheleweshaji ulipungua kidogo, lakini bekapu ya usiku, ambayo zamani ilikuwa ikimalizika alfajiri, sasa inaingia hadi saa za kazi. Je, inawezekana kupata vyote viwili, au ni lazima tuchague kimoja?”

Ndugu msomaji, kwa sehemu kubwa vyote viwili vinapatikana. Fundi wenu alianza na mahali penye gharama kuliko pote, na kati ya vitu vitatu alivyovizima, viwili havikuhusika kabisa na tatizo lenu. Kwa wageni wa fani hii: mashine pepe ni kompyuta ya kiprogramu inayoendeshwa ndani ya seva halisi, ambayo huitwa mashine mwenyeji; KVM ni sehemu ya Linux inayoiendesha, na Proxmox ni mfumo wa kuisimamia. Upitishaji ni kiasi cha data kinachopita kwa sekunde. Ulimbikizaji wa ishara, TSO na GRO ni mbinu za kushughulikia pakiti nyingi kwa mkupuo, nazo nitazieleza mbele.

Pakiti inayoingia au kutoka kwenye mashine pepe husubiri kwa sababu za aina tatu. Kwanza husubiri prosesa, ama kwa kuwa imelala na haina budi kuamshwa, ama kwa kuwa imeshikwa na kazi ya mashine pepe nyingine. Pili husubiri pakiti nyingine zifike ili zote zihudumiwe kwa mkupuo mmoja. Tatu husubiri nyuma ya pakiti zilizoitangulia kwenye foleni. Kati ya sababu hizo tatu, ni ile ya pili tu ambayo ukiipunguza unalipa kwa upitishaji. Ya kwanza ukiiondoa, upitishaji haupungui na mara nyingi huongezeka. Ya tatu ukiisimamia vizuri, upitishaji hubaki ulipokuwa. Kwa uzoefu wangu, sehemu kubwa ya ucheleweshaji wa mashine pepe ndani ya chumba kimoja cha seva hutokana na sababu ya kwanza, na ndiyo ambayo watu huigusa mwisho, pengine kwa sababu haionekani kwenye mipangilio ya kadi ya mtandao.

Waya wenyewe tuuondoe kwenye orodha ya watuhumiwa. Fremu ya Etherneti yenye baiti 1500 za mzigo, pamoja na vichwa vyake na nafasi inayoachwa kati ya fremu na fremu, inatumia baiti 1538 za muda wa waya. Kwa gigabiti 10 kwa sekunde, fremu hiyo inapita kwa mikrosekunde 1.23. Kama ping kati ya mashine pepe zenu mbili inarudi baada ya mikrosekunde mia tatu au mia nne, basi muda karibu wote umepotelea kwenye programu na prosesa.

Fuatilia safari yenyewe uone inavyokatika vipande. Kadi inapokea fremu na kuiandika kwenye kumbukumbu, kisha inapeleka ishara ya kukatiza kwa kiini kimojawapo cha prosesa. Keneli ya mashine mwenyeji, yaani moyo wa mfumo endeshi wake, inaichukua pakiti na kuipitisha kwenye daraja la mtandao, ambalo kwa Proxmox kwa kawaida huitwa vmbr0. Pakiti inatoka hapo kwenda kwenye kifaa cha tap, yaani kadi ya kiprogramu upande wa mwenyeji, ambako uzi wa vhost, mchukuzi wa pakiti ndani ya keneli, unaamshwa ili uinakili na kuiweka kwenye foleni ya virtio, yaani ya kadi pepe ya mashine hiyo. Halafu prosesa pepe inaarifiwa, na kama ilikuwa imelala inaamshwa, keneli ya ndani inaishughulikia pakiti, na mwisho programu yenyewe inaamshwa iisome. Katika safari hiyo ya upande mmoja kuna viini viwili au vitatu tofauti ambavyo huenda vyote vilikuwa vimelala. Jibu likirudi, hesabu inaanza upya upande wa pili.

Kabla sijaendelea, niseme jambo juu ya uhusiano wa vitu hivi viwili unavyovitaka, maana wengi huvichukulia kuwa ni maadui. Muunganisho mmoja wa TCP hauwezi kupitisha data zaidi ya dirisha lake kugawanya kwa muda wa kwenda na kurudi. Ili kujaza gigabiti 10 kwa muda wa mikrosekunde 100, dirisha la baiti 125,000 linatosha. Muda ukifika mikrosekunde 500 zinahitajika baiti 625,000. Kwa programu yenu ya mikopo jambo lenyewe ni zito zaidi, kwa sababu hifadhidata hupokea swali, hujibu, ndipo hupokea lingine. Muunganisho mmoja unaongoja mikrosekunde 500 kwa kila swali hauvuki maswali 2,000 kwa sekunde hata kama hifadhidata inajibu papo hapo. Ukingoja mikrosekunde 100 unafika 10,000. Kwa kazi ya namna hiyo, kupunguza ucheleweshaji ndiko kuongeza upitishaji. Bekapu peke yake ndiyo inayotaka mikupuo mikubwa.

Sasa vipimo. Iperf3 hupima upitishaji tu, kwa hiyo haishangazi kwamba iliwaonyesha kuwa mambo ni shwari. Tumieni sockperf, au netperf kwa jaribio lake la TCP_RR, ambazo hupima muda wa swali na jibu, na msiangalie wastani peke yake. Angalieni ile asilimia 99 na 99.9 ya majibu, yaani muda ambao majibu 99 kati ya 100, au 999 kati ya 1,000, hayauvuki, kwa sababu mteja anayelalamika dirishani si yule wa wastani. Pimeni kwa tabaka: kutoka mashine mwenyeji moja hadi nyingine, kisha kutoka mwenyeji hadi mashine pepe iliyo ndani yake, kisha kati ya mashine pepe mbili zilizo kwenye seva tofauti. Tofauti kati ya tabaka la kwanza na la tatu ndiyo gharama halisi ya kuhamia kwenye mashine pepe. Kama tabaka la kwanza lenyewe linasuasua, mashine pepe mnazisingizia.

Kuna jaribio moja dogo ambalo hulifanya kabla ya jingine lolote. Ingia kwenye mashine pepe kama msimamizi mkuu, utume ping kwa kasi ya kawaida, mara moja kila sekunde, kwa dakika moja hivi. Halafu tuma kwa kasi kubwa:

ping -c 20000 -i 0.001 anwani-ya-hifadhidata

Mtu angetegemea kwamba kuongeza kasi kutaongeza ucheleweshaji, kwa kuwa kazi imezidi. Ukiona kinyume chake, yaani muda wa kila pakiti unashuka kwa kiasi kikubwa pakiti zinapofuatana kwa karibu, umeshampata mhusika: viini vya prosesa vinalala usingizi mzito katikati ya pakiti, na kila pakiti inalipia muda wa kuviamsha. Pakiti zikifuatana upesi, viini havipati nafasi ya kulala.

Usingizi huo una viwango, navyo huitwa C1, C1E, C6 na kuendelea. Keneli ya Linux huandika wazi gharama ya kuamka kutoka kila kiwango, na unaweza kuisoma kwenye mashine mwenyeji kwa kufungua mafaili ya /sys/devices/system/cpu/cpu0/cpuidle/state*/latency, ambayo namba zake ni mikrosekunde. Kwa prosesa za seva za Intel za kizazi cha Skylake, jedwali la keneli linasema 10 kwa C1E na 133 kwa C6. Fikiria basi pakiti inayokuta kiini cha kadi, kiini cha vhost na kiini cha prosesa pepe vyote viko C6. Hapo ndipo mikrosekunde mia nne zinapotoka, na hakuna mpangilio wa kadi ya mtandao utakaozirudisha.

Dawa yake iwekwe kwenye mashine mwenyeji, kwa sababu mashine pepe haina mamlaka juu ya usingizi wa prosesa halisi. Njia rahisi ni kusakinisha tuned na kuchagua wasifu wa network-latency, ambao miongoni mwa mambo mengine huzuia usingizi mzito na kuruhusu programu kuichungulia kadi ya mtandao kwa muda mfupi badala ya kulala mara moja. Njia ya uangalifu zaidi, na ndiyo ninayoipendelea kwa seva zenye mzigo mchanganyiko, ni kuweka kikomo kwa viini vinavyohudumia programu na hifadhidata tu, kwa kuandika namba ndogo, tuseme 10, kwenye faili la /sys/devices/system/cpu/cpuN/power/pm_qos_resume_latency_us la kila kiini husika, N ikiwa namba ya kiini. Viini vingine viachwe vilale. Ukivikesha vyote, seva itakula umeme zaidi, joto litapanda, na hata kasi ya ziada ambayo prosesa huwapa viini vichache vyenye kazi nyingi itapungua, kwa kuwa kasi hiyo hutegemea nafasi ya umeme na joto iliyoachwa na vile vinavyolala. Kwa ofisi inayotegemea jenereta saa kadhaa za siku, hesabu hiyo si ya kupuuza.

KVM yenyewe ina msaada mwingine hapohapo. Prosesa pepe inapokosa kazi, mwenyeji haiweki pembeni mara moja, bali huichungulia kwa muda kuona kama kazi itakuja. Kikomo cha muda huo ni halt_poll_ns, ambacho kwa prosesa za x86 kwa kawaida ni nanosekunde 200,000. Msaada huu hufanya kazi pale tu kiini hakina mgombea mwingine. Kikiwa na mgombea, mwenyeji humpa zamu yake mara moja, na ni haki yake.

Hilo linatuleta kwenye ugombeaji wenyewe. Fungueni top ndani ya mashine pepe na mtazame safu ya st, yaani muda ambao prosesa pepe ilikuwa tayari kufanya kazi lakini mwenyeji alikuwa amempa mwingine kiini. Ikiwa namba hiyo inapanda hadi asilimia mbili au tatu mara kwa mara, tayari mna chanzo cha zile asilimia 99.9 mbaya, kwa sababu zamu moja ya kungoja inaweza kufika milisekunde kadhaa, yaani mara elfu kadhaa ya muda wa pakiti kwenye waya. Wakati mwingine tiba ni kuipunguzia mashine pepe prosesa badala ya kuiongezea. Wasimamizi wengi huipa kila mashine prosesa pepe nane “isije ikapungukiwa”, kisha mashine kumi zenye nane kila moja zinagombania viini thelathini na viwili. Hifadhidata inayotumia viini vitatu ipewe vinne, na viwe vyake.

Kuvifanya viwe vyake ni kazi ya kufunga prosesa pepe kwenye viini maalumu. Matoleo ya karibuni ya Proxmox yana sehemu ya kuandika viini hivyo kwenye mipangilio ya prosesa ya mashine. Wanaotumia libvirt wana virsh vcpupin. Wanachosahau wengi ni nyuzi za vhost, zile ambazo jina lake ni vhost likifuatiwa na namba ya mchakato wa QEMU, programu inayoigiza vifaa vya mashine pepe. Hizo ndizo zinazobeba pakiti. Zikiachwa zizurure, au zikiangukia kiini kilekile cha prosesa pepe inayozingoja, kila pakiti italazimisha mbadilishano wa zamu kabla haijasogea. Ziwekeni kwenye kiini jirani kwa kutumia taskset, na ishara za kadi ziende kwenye kiini kingine cha soketi ileile.

Ile soketi ni muhimu kwenu hasa, kwa sababu seva zenu zina mbili. Kila soketi ina kumbukumbu yake ya karibu, na kadi ya mtandao imechomekwa kwenye soketi mojawapo, si zote. Amri hii itawaambia ni ipi (eno1 ni jina la kadi ya seva):

cat /sys/class/net/eno1/device/numa_node

Ikijibu 0, ilhali hifadhidata inaendeshwa na viini vya soketi ya 1, kila pakiti inavuka kiungo cha kati ya soketi mara kadhaa, na kila baiti ya bekapu inavuka pia. Kuihamishia hifadhidata upande wa kadi kunapunguza ucheleweshaji na kunaongeza upitishaji kwa pamoja, bila kununua chochote. Kama mashine pepe zote hazitoshi upande mmoja, hifadhidata na programu ya mikopo zipewe kipaumbele. Seva ya barua na ile ya kuchapisha ripoti ziende ng’ambo.

Sasa nirudi kwa fundi wenu na sababu ya pili. Ulimbikizaji wa ishara ni kama daladala inayongoja ijae kituoni: kadi ya mtandao hupokea pakiti ya kwanza, lakini badala ya kumshtua prosesa papo hapo, huvuta muda kidogo ili ishara moja ihudumie pakiti nyingi. Muda huo umeandikwa kwenye rx-usecs. Ukiwa 50, pakiti inaweza kungoja hadi mikrosekunde 50, na foleni moja ya kadi haitatoa zaidi ya ishara 20,000 kwa sekunde. Ukiwa 10, mngojo unashuka hadi 10 na ishara zinaweza kufika 100,000. Ukiwa sifuri, kadi haingoji kabisa. Kwa mzigo wa fremu kubwa kwenye gigabiti 10, ambapo fremu zaidi ya 812,000 hupita kila sekunde, prosesa inaweza kutumia muda mwingi ikikatizwa kuliko ikifanya kazi yenyewe.

Keneli haikukaa kimya mbele ya tatizo hilo. Utaratibu wake uitwao NAPI huzima ishara za kadi mara pakiti zinapoanza kumiminika na kuzichukua pakiti kwa mikupuo ya hadi 64, kisha huziwasha ishara tena foleni inapokauka. Yaani katika mzigo mkubwa kabisa ulimbikizaji wa kadi una kazi ndogo, na katika mzigo mdogo kabisa hauna faida. Umuhimu wake uko katikati, na hapo ndipo bekapu yenu ilipoumia. Kwa hiyo msiweke sifuri. Washeni ulimbikizaji unaojirekebisha wenyewe, ambao hupunguza mngojo pakiti zikiwa chache na kuuongeza zikiwa nyingi:

ethtool -C eno1 adaptive-rx on adaptive-tx on

Si kila draiva inafanya vizuri kwenye kujirekebisha, na nyingine hubadilisha mawazo polepole mno. Mkiona asilimia 99 haitulii, wekeni namba isiyobadilika kati ya 5 na 20 na mpime bekapu na miamala kwa pamoja. Kwa vyovyote vile mnazungumzia makumi machache ya mikrosekunde. Ndiyo maana nilisema mlianza na mahali penye gharama: mlilipa upitishaji mwingi mkapata mikrosekunde chache, wakati usingizi wa prosesa ulikuwa unakula mamia.

TSO na GRO ziwasheni leo hii. TSO huruhusu keneli kuikabidhi kadi kipande kimoja cha hadi kilobaiti 64, na kadi yenyewe ndiyo inayokikata katika fremu. Ikizimwa, keneli hukata vipande takriban 45 na kuvishughulikia kimoja kimoja. Kwenye mashine pepe hasara hiyo inajirudia, kwa sababu kipande kikubwa kilikuwa kikivuka virtio, vhost na daraja kama kitu kimoja, na sasa kila kituo kinahesabu 45. Pakiti ndogo ya muamala, yenye baiti mia mbili, haikuwa ikiguswa na TSO hata kidogo, kwa hiyo kuizima hakukuwapa kitu. GRO inaonekana kama ya kutiliwa shaka, kwa sababu huunganisha pakiti zinazoingia, lakini katika mpangilio wa kawaida wa keneli haingoji pakiti ambayo bado haijafika. Huunganisha zilizokwisha kuchukuliwa katika mkupuo mmoja wa NAPI na kuzipeleka juu mkupuo unapoisha. Inayostahili kuogopwa ni LRO, binamu yao anayeunganisha bila kujali kwamba pakiti huenda ikahitaji kupelekwa mbele, ila Linux huizima yenyewe kadi inapounganishwa kwenye daraja.

ethtool -K eno1 tso on gso on gro on

Ndani ya mashine pepe amri ni hiyohiyo kwa jina la kadi ya huko, ambalo kwa Proxmox mara nyingi ni ens18. Mkiwa humo humo, hakikisheni kwamba aina ya kadi ni VirtIO wala si E1000. E1000 ni kadi halisi ya Intel inayoigizwa na programu, na kila mara draiva inapogusa rejista zake, prosesa hulazimika kutoka kwenye mashine pepe, kwenda kwa QEMU na kurudi. Nimekuta seva za uzalishaji zilizohamishwa kutoka mifumo mingine zikiwa na E1000 kwa miaka, kwa sababu tu ilifanya kazi siku ya kwanza na hakuna aliyerudi kuitazama. Mashine yenye prosesa pepe nne ipewe pia foleni nne kwenye sehemu ya Multiqueue, kisha ndani yake muandike ethtool -L ens18 combined 4. Pasipo hivyo bekapu na miamala hupita kwenye foleni moja na kuhudumiwa na uzi mmoja wa vhost.

Jambo dogo la Proxmox: mkiwasha ngome ya moto kwenye kadi ya mashine pepe, pakiti hupitia daraja la ziada ambalo jina lake huanza na fwbr. Kwa mashine ya hifadhidata iliyo nyuma ya ngome nyingine tayari, hiyo ni hatua mnayoweza kuipunguza, kama sera yenu ya usalama inaruhusu.

Sababu ya tatu, foleni, huonekana tu bekapu na miamala zinapokutana, na ndiyo sababu vipimo vya mtandao ukiwa mtulivu haviwezi kuwaonyesha. Foleni ya kawaida ya kadi kwenye Linux huwa na nafasi ya pakiti 1,000. Zikijaa fremu kubwa, muamala unaofika mwisho utangoja milisekunde 1.2 kwenye gigabiti 10, na milisekunde 12 ikiwa njiani kuna swichi au kiungo cha gigabiti 1. Tumieni fq_codel kama mratibu wa foleni: hutenganisha mikondo, huupa nafasi ya mbele mkondo mdogo uliofika sasa hivi, na huanza kuangusha pakiti za mkondo uliokaa foleni kupita kiasi, ili mtumaji wake apunguze mwendo. Algoriti ya CoDel iliyo ndani yake ilichapishwa mwaka 2012 na Kathleen Nichols na Van Jacobson, na fq_codel ikaandikwa kuwa RFC 8290, moja ya hati za kiufundi za intaneti, mwaka 2018. Bekapu haitapoteza kitu cha kuhesabika, kwa sababu kiungo kinabaki kimejaa. Kinachobadilika ni nani anayekaa mwisho wa foleni. Zaidi ya hapo, bekapu ikilazimika kuingia saa za kazi, wekeni bwlimit kwenye /etc/vzdump.conf, ambapo namba ni kibibaiti kwa sekunde, au ipeni kadi yake ya pili kama ipo.

Msiiongeze MTU, yaani ukubwa wa juu wa mzigo wa fremu moja, hadi 9000 kwa kufuata mkumbo. Kwenye gigabiti 10 fremu hiyo inashika waya kwa mikrosekunde 7.2, ambazo zinavumilika. Kwenye kiungo cha gigabiti 1 inashika mikrosekunde 72, na pakiti ndogo iliyo nyuma yake haina pa kupita. Kwa kuwa TSO na GRO zimewashwa, faida inayobaki ni ndogo.

Kama katika vipimo mtaona majibu mengi yamejikusanya karibu na milisekunde 40, hapo muache mashine pepe na mtazame programu. Hiyo ni alama ya utaratibu wa Nagle, uliopendekezwa mwaka 1984 katika RFC 896, unapokutana na upande wa pili unaochelewesha uthibitisho wa kupokea: mmoja anangoja uthibitisho kabla ya kutuma kipande kidogo kinachofuata, mwingine anangoja kipande kabla ya kuthibitisha. Hifadhidata kama PostgreSQL na MySQL huuzima wenyewe kwa TCP_NODELAY. Programu iliyoandikwa na mkandarasi, inayotuma kichwa cha ujumbe na mwili wake kwa amri mbili tofauti za kuandika, mara nyingi haifanyi hivyo.

Na kwa matawi yenu yaliyo mbali, mwanga ndani ya mkongo hutumia takriban mikrosekunde 5 kwa kila kilomita. Mkongo wa kilomita 600 kati ya Arusha na Dar es Salaam unagharimu milisekunde 6 za kwenda na kurudi kabla ya ruta yoyote kuguswa. Skrini inayouliza hifadhidata maswali arobaini mfululizo kutoka tawini itakaa karibu robo sekunde hata seva zikiwa na afya kamili, na hapo kinachopungua ni idadi ya maswali.

Mtashauriwa pia SR-IOV, teknolojia iliyowekewa viwango na PCI-SIG, muungano wa kampuni unaosimamia viwango vya PCI, mwaka 2007, ambayo hugawa kadi moja katika vipande na kuipa mashine pepe kipande chake moja kwa moja, bila daraja wala vhost. Inafanya kazi, na ucheleweshaji hushuka kweli. Lakini mashine iliyokabidhiwa kipande cha kadi kwa njia hiyo haihamishiki kutoka seva moja hadi nyingine ikiwa hai, na sheria za ngome kwenye daraja hazipo tena. Kwa taasisi yenye seva mbili, uwezo wa kuihamisha hifadhidata kabla ya matengenezo una thamani kuliko mikrosekunde ishirini au thelathini. DPDK, maktaba inayoziruhusu programu kuchukua pakiti kwenye kadi bila kupitia keneli, nayo hukesha viini vizima kwa asilimia 100 mchana na usiku, pakiti ziwepo zisiwepo. Ni ya kampuni za simu na masoko ya hisa. Kwenu iwe ya mwisho kufikiriwa, endapo vipimo vitaonyesha kwamba daraja na vhost ndivyo vilivyobaki.

Kwa utaratibu, basi: usiku wa leo rudisheni TSO, GRO na ulimbikizaji unaojirekebisha, ili bekapu irudi kwenye saa zake. Kesho fanyeni lile jaribio la ping na mrekebishe usingizi wa prosesa. Siku zinazofuata fungeni viini na kuihamishia hifadhidata kwenye soketi ya kadi, kitu kimoja kwa wakati, mkirudia kila mara vipimo vilevile vya sockperf huku mkondo wa iperf3 ukiendelea pembeni. Amri za ethtool hupotea seva inapowashwa upya, kwa hiyo ziandikeni kama post-up chini ya eno1 kwenye /etc/network/interfaces, na muwashe upya seva moja kwa makusudi, wakati wa matengenezo, kuhakikisha zimeshika.